Si Kila Mwenye Magamba ni Sato

Wapenzi wa lugha, leo naomba ruhusa ya kuwaudhi kidogo, na katika kuudhi huko nianze na sisi wenyewe tuliosomea Kiswahili.

Ukiingia sokoni Biharamulo au Ngara mjini, ukamnyooshea kidole samaki mpana mwenye miiba mgongoni na kuuliza ni samaki gani, utajibiwa: sato. Mnyooshee wa pili, mwenye kichwa kidogo na mkia mtupu usio na mlia hata mmoja, utajibiwa: sato. Ukibahatika kumwona wa tatu, maana siku hizi ni adimu, yule ambaye pezi lake la mgongo lina ukingo mwekundu kama uzi wa cherehani, naye ni sato. Wa nne ana kifua chekundu kana kwamba amepakwa mawese. Huyo ataitwa sato mdogo, hata akiwa mzee. Hao ni samaki wanne mbalimbali. Wawili ni wenyeji wa bonde letu tangu kabla ya babu zetu, na wawili waliletwa na binadamu katika kumbukumbu ya watu ambao baadhi yao wangali hai. Lugha yetu, ambayo kila tarehe 7 Julai tunapanda majukwaani kuusifu utajiri wake wa msamiati, imewatia wote katika kapu moja na kulifunga kwa kamba.

Simlaumu mchuuzi. Mchuuzi anauza, na neno sato linauza. Lina wateja kuanzia Mwanza hadi Dar es Salaam, na hoteli huliandika katika orodha ya vyakula bila kulitafsiri. Wala simlaumu mvuvi mzee wa Burigi au wa Ruvubu. Yeye anajua vizuri kabisa nani ni nani, tena anajua gizani, kwa kumpapasa tu. Ila anajua kwa Kihangaza, kwa Kishubi, kwa Kizinza au kwa Kihaya, na akifika mbele yetu sisi wenye Kiswahili cha shule huona haya, akayaacha majina yake mlangoni kama mtu avuavyo viatu. Kisha sisi humhoji kwa neno tulilonalo, naye kwa adabu hutujibu kwa neno hilohilo. Ndipo tunarudi kuandika kwamba wenyeji huwaita samaki hao sato.

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka 30 baada ya kutoka chuo cha ualimu, na tangu nistaafu asubuhi zangu nyingi hupita kando ya Ruvubu nikiwa na ufito, mshipi, ndoana na kopo la minyoo, mahali ambapo viboko wananiruhusu. Sivui kwa kuuza. Navua kwa sababu mtu aliyezoea kusahihisha madaftari huhitaji kazi nyingine ya kukaa kimya na kutazama. Na kutazama ndiko kulikonifikisha kwenye ugomvi huu.

Katika mkusanyiko mmoja wa watu wa lugha nilisimama nikasema kwamba tunapaswa kuyapa majina ya samaki wa maji baridi maelezo ya kutosha katika kamusi zetu. Mwenzangu mmoja, msomi kunizidi, akanijibu kwa upole: "Mwalimu, hayo ni majina ya kienyeji, tuwaachie wataalamu wa samaki." Watu wakacheka, mada ikafungwa. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuwa peke yake. Alisema tu yale yaliyokuwa vinywani mwa wengi. Lakini jibu lake limenikaa kooni kama mwiba wa ningu, na leo nataka kuutoa.

Majina ya kienyeji! Jina gani la samaki lisilo la kienyeji? Changu ni jina la kienyeji la Waswahili wa pwani. Tasi, pono, kangu, chewa, kolekole, yote ni majina ya wenyeji wa mahali fulani, waliokaa na samaki wao hadi wakaweza kuwatenganisha. Hakuna mvuvi wa Unguja au Tanga atakayekuuzia pono akamwita changu. Akithubutu, wenzake pale ufukoni watamcheka hadi jioni. Lugha hiyohiyo imetupa maneno matano kwa tunda moja la mnazi kadiri linavyokua: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Asiyejua kutenganisha dafu na koroma tunamwona mshamba. Lakini mtu anayeshindwa kutenganisha ngege na sato, viumbe wawili wasiozaliwa na mama mmoja wala kuwa na kwao kumoja, tunampa cheti cha lugha. Kipimo hiki kimoja kwa pwani na kingine kwa bara kimetoka wapi, ikiwa Kiswahili sasa ni cha wote?

Niwaeleze basi hao ni akina nani, ili tusigombane juu ya vitu tusivyovijua.

Ngege ndiye mwenyeji. Jina lake limezunguka ziwa zima; Waganda wanalo na Wajaluo wanalo. Wataalamu walimpa jina lao mwaka 1928, pale Mwingereza Michael Graham, aliyekuwa amefanya uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Viktoria, alipomwandika rasmi kwa Kilatini. Siku hizi huandikwa Oreochromis esculentus, na hilo neno la pili maana yake ni "afaaye kuliwa". Tazameni: mgeni aliyekuja kwa muda mfupi tu aliona ladha yake inastahili kuingia katika jina. Kabla ya hapo, mwaka 1905, nyavu za kisasa za makila zilikuwa zimeingizwa upande wa Ghuba ya Winam, nchini Kenya, na ngege akaanza kuvuliwa kuliko alivyoweza kuzaa. Graham alishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Ushauri ukatiwa katika sheria, kisha baadaye sheria ikaachwa, na wavu ukazidi kubana.

Katika miaka ya 1950, samaki walipokuwa wamepungua, ndipo walipoletwa wageni: sato, ambaye kwao ni Nile na maziwa kama Albert na Edward, pamoja na yule wa kifua chekundu na wengineo. Katika muongo huohuo sangara naye akaanza kutiwa ziwani. Kilichofuata kila mtu wa Kanda ya Ziwa anakijua. Ngege akatoweka karibu kabisa katika ziwa kubwa, na leo ukimtaka ni lazima umtafute katika maziwa madogo yaliyo pembezoni. Burigi ni mojawapo ya hayo. Tangu 2019 ziwa hilo limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kwa hiyo si mahali pa kwenda kutupa mshipi bila kibali. Lakini maji hayajui mipaka ya hifadhi, na mabonde ya Biharamulo yana vijito na madimbwi mengi ambamo samaki hupita msimu wa mvua.

Sasa mtu ameketi kando ya maji, mshipi umekaza, amemtoa samaki mpana. Atamjuaje? Nilipokuwa nikifundisha niliwatungia wanafunzi wangu ubeti mmoja, kwa kuwa kilichofungwa kwa vina hakipotei upesi:

Tazama kwanza mkia, usikimbilie nyama,
Milia ikitimia, wima iliyosimama,
Ni sato huyo sikia, mgeni aliyehama,
Usio nayo milia, ni ngege wetu wa zama.

Mtaniambia sato hakuhama bali alihamishwa. Najua, kina nacho kina madai yake. Lakini elimu iliyomo ni ya kweli. Sato ana milia myembamba myeusi iliyosimama wima katika pezi la mkia, imepangika vizuri toka shinani hadi ukingoni, kama mistari ya daftari iliyogeuzwa. Ngege hana. Mkia wake ni wa rangi moja. Tena kichwa cha ngege ni kidogo ukilinganisha na mwili, na kinywa chake ni kidogo, kwa kuwa chakula chake kikuu ni vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho. Hana haja ya kinywa cha kumeza. Ndiyo maana pia wazee walimpata kwa wavu kuliko kwa ndoana, na mwenye mshipi akimpata ana sababu ya kumtazama mara mbili kabla ya kumtia kikapuni.

Yule wa ukingo mwekundu ni mwenyeji wa pili. Wajaluo humwita mbiru. Jina lake la Kilatini linamwita kigeugeu, kwani rangi zake hubadilika mno; wengine huwa na mabaka ya rangi ya machungwa mwili mzima, mtu akadhani ni samaki wa mapambo. Dume lake wakati wa kuzaa huning'iniza kishada cheupe tumboni, karibu na mkundu, na mwenye kukiona mara moja hakisahau. Naye ametoweka karibu kila mahali alipokuwa, na hali yake ni mbaya huenda kuliko ya ngege.

Wa kifua chekundu ana alama nyingine: doa jeusi upande wa nyuma wa pezi la mgongo, linaloonekana wazi hasa angali mchanga. Tena malezi yake humtenga na wote. Ngege, sato na mbiru, mama huyabeba mayai kinywani mwake, na makinda yakiogopa hurudi humohumo. Wa kifua chekundu hutaga chini, katika vishimo, na baba na mama hulinda zamu kwa zamu. Washairi waliotafuta mfano wa malezi ya wazazi wawili wameupita mfano huo kila siku wakielekea kwenye njiwa.

Mtaona kwamba sijadai mambo ya maabara. Mkia, ukingo wa pezi, doa, kichwa: mtoto wa darasa la nne anaweza. Kinachomshinda ni kwamba hana maneno ya kuning'inizia anachokiona. Jicho lisilo na jina hutazama na kuacha.

Hapa mpinzani wangu hunyanyua mkono na kusema: majina yenyewe hayaaminiki, kila mahali wana lao. Ni kweli, na nitampa mifano ambayo yeye hakuwa nayo. Sisi wa Ngara tumekaa kati ya maziwa mawili. Samaki wa Ziwa Viktoria hutufikia kutoka mialo ya Chato, wilaya iliyokuwa sehemu ya Biharamulo kabla ya kutengwa na baadaye kuingia mkoa wa Geita. Samaki wa Ziwa Tanganyika hutufikia kwa njia ya Kigoma, kupitia Kibondo na Kakonko. Na Kigoma nao wana ngege! Lakini ngege wa Kigoma ni samaki mwingine, wa ziwa lao peke yake, ambaye wataalamu wamempa jina la Tanganyika. Basi mama wa Ngara akisema amenunua ngege, waweza kumuuliza kwa haki: wa kutoka kusini au wa kutoka mawio? Tena kuna perege. Mtu wa Moshi au Same akisema perege wa Nyumba ya Mungu, anazungumzia jamaa wa bonde la Pangani, wenye asili yao huko. Mtu huyohuyo akihamishiwa kazi Biharamulo humwita kila samaki mpana perege, na watoto wa shule wanaandika perege katika insha kwa sababu mwalimu kasema.

Je, hoja hiyo inamsaidia mpinzani wangu? Naona inamzika. Neno moja likiwa na samaki wawili katika mikoa miwili, hapo ndipo kamusi inapohitajika. Kazi ya mtunga kamusi si kukimbia pale maneno yanapogongana. Tuliporekodi kwamba neno lina maana moja Mvita na nyingine Unguja, hatukusema neno hilo halifai. Tuliandika maana ya kwanza na ya pili tukaendelea. Kwa nini ngege asiandikwe hivyo?

Sisemi kamusi zetu ni tupu. Ngege yumo, perege yumo, ningu yumo, kuyu yumo. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hadi kamusi za karibuni, waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima, na mimi nimekula mkate kwa kazi yao. Ninachosema ni kwamba maelezo ya samaki wa bara humwacha msomaji mlangoni. Anaambiwa ni samaki na huenda anaambiwa anakaa ziwani, basi. Akiwa na samaki wawili mikononi na kamusi mezani, hawezi kuamua. Maelezo yasiyoweza kutenganisha vitu viwili hayajaeleza chochote; hata mwanafunzi wa kidato cha pili nilikuwa nikimkata alama kwa hilo.

Nigusie ningu na kuyu, ingawa kwao ugomvi ni mdogo. Hao ni wa mito: Ruvubu, na Kagera yenyewe baada ya mito kukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Wote ni warefu, wana magamba ya kung'aa, na mvuvi mgeni huwachanganya. Mgeuze tumbo. Ningu kinywa chake kimeelekea chini, kina midomo minene ya kukwangulia ukoga juu ya mawe, na sharubu zake ni ndogo, zimefichika. Kuyu ana sharubu nne za wazi na magamba makubwa, hupenda mnyoo, na akiwa mkubwa hukuvuta mpaka ukumbuke umri wako. Ningu hupanda mito wakati wa mafuriko kwenda kutaga, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito ndizo zilizompunguza katika bonde zima. Watu wa Ngara bado wanayatenga majina haya mawili, na hilo ndilo linalonipa nguvu ya kudai mengine. Lugha inaweza, ikitaka.

Kwa nini nafanya ukali juu ya jambo la kitoweo? Kwa sababu ya mabwawa.

Katika vijiji vya wilaya zetu hizi mbili watu wanachimba mabwawa ya samaki, na ni jambo jema. Mtoto anayekula samaki mara mbili kwa wiki husoma vizuri kuliko anayekula muhogo mtupu, nimeliona darasani. Vifaranga wanaoletwa ni sato, kwa kuwa sato hukua upesi na huvumilia. Simchukii sato. Simwiti adui. Lakini mvua za masika huja, ukingo wa bwawa hubomoka, na vifaranga huingia kijitoni, na kijito huingia mtoni au ziwani. Huko, kama yupo ngege, sato huoana naye. Hili si hofu ya mzee. Katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, Kenya, mojawapo ya maziwa madogo ambamo ngege alikuwa amejificha na balaa la ziwa kubwa, watafiti waliochunguza chembe za urithi walikuta dalili za uchotara kati ya ngege na sato. Chotara akizaa na chotara, vizazi vichache baadaye ngege hayupo tena, na hakuna aliyemuua. Hata samaki hawajapungua. Mwalo umejaa, mizani inasoma vilevile, afisa anaandika kilo zilezile za sato.

Hapo ndipo neno linapofanya kazi, au linapokosa kuifanya. Nilimuuliza mfugaji mmoja, kijana mwenye bidii, kama kijito kilicho chini ya bwawa lake kina samaki wa asili. Akanijibu kwa furaha: "Wamo, mwalimu, sato tele tangu zamani, hata kabla sijachimba." Kabla hajachimba! Niliomba nioneshwe, nikashuka naye na mtoto wake mwenye mgono, na baada ya muda tukawatoa watatu. Mikia mitupu. Vichwa vidogo. Kijana yule hakuwa mwongo wala mjinga. Lugha niliyomfundisha mimi na wenzangu ilikuwa imemwambia kwamba samaki wa bwawani na samaki wa kijitoni ni kitu kimoja, kwa hiyo hakuona hatari yoyote ya kuwakutanisha. Angewezaje kulinda kitu ambacho hakina jina kinywani mwake? Nilipomwambia huyu ni ngege na yule wa juu ni sato, akakaa kimya, kisha akauliza swali ambalo hakuna msomi aliyewahi kuniuliza: "Na huyu ngege, akiisha hapa, atatoka wapi?"

Wapo watakaosema hilo ni jukumu la wizara, la watafiti wa uvuvi, la walinda hifadhi. Wafanye lao. Lakini mtafiti huandika esculentus, ripoti yake husomwa na mtafiti mwenziwe, na mfugaji wa Biharamulo hataisoma. Kati ya hao wawili pana daraja moja tu, nalo ni neno la Kiswahili lenye maana iliyokazwa. Daraja hilo ni kazi ya nani kama si yetu? Mwaka 1990 taasisi yetu ya Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, na tukashangilia kwamba sasa sayansi inasemeka kwa lugha yetu. Tunayo maneno ya sehemu za seli, ambazo hakuna mvuvi aliyewahi kuziona. Tumeshindwa na samaki aliye juu ya sahani.

Nanyi washairi msijifiche nyuma ya wanakamusi. Nasoma tungo zenu kila wiki, za vijana wa Kagera, Geita, Kigoma, na humo baharini wamejaa papa, nguru, nyangumi na mawimbi ya kusi. Kijana aliyezaliwa Rulenge, ambaye bahari ameiona kwenye simu, anaandika kuhusu jahazi. Namuuliza: Ruvubu imekukosea nini? Mshairi wa pwani alitaja jahazi kwa sababu lilipita mbele ya dirisha lake. Kumfuata kwa haki ni kutaja kinachopita mbele ya lako. Ngege abebaye watoto kinywani, ningu apandaye maporomoko ya mto mvua zikinyesha, mbiru abadiliye rangi kama mwanasiasa: hapo pana tathmini, tashbihi na kejeli za kumtosha mtu diwani nzima, na vina vya -ege na -ngu havijachoshwa na mtu.

Nisije nikaambiwa nimekosoa bila kutoa mfano, haya ndiyo ninayopendekeza yaandikwe, kwa maneno yangu, na mwenye uwezo ayanyooshe. Ngege: samaki mpana wa maji baridi, mwenyeji wa bonde la Ziwa Viktoria, mwenye kichwa na kinywa kidogo na mkia usio na milia, ambaye jike hulea mayai na makinda kinywani, maana ya pili, Kigoma, samaki wa jamii hiyo apatikanaye Ziwa Tanganyika. Sato: samaki mpana wa maji baridi, mwenye milia myembamba ya wima katika pezi la mkia, aliyeletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na anayefugwa mabwawani. Maneno yasiyozidi 40 kwa kila mmoja. Hayahitaji mkutano wa siku tatu hotelini.

Mbiru sijamwandikia, kwa sababu sitaki kumpa jina la Kijaluo kabla ya kusikia la kwetu, ikiwa bado lina msemaji. Basi nawauliza wasomaji wa Muleba, Chato, Karagwe na Kakonko: yule wa ukingo mwekundu mgongoni, mwenye kishada cheupe wakati wa kuzaa, kwenu aliitwaje? Niandikieni jina, lugha yake, kijiji, na ni nani mliyemsikia akilitamka, hata kama ni bibi aliyekwisha fariki na mnalikumbuka nusu.